Nywila ya Mababu Zangu Wote

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika kwa Kiswahili. Sababu ni usalama. Binamu yangu Hanad alipata D ya Kiswahili shuleni na tangu siku hiyo hajagusa kitabu.

Hali ilivyo: mimi ni Abdinoor, dalali wa mifugo hapa Garissa, sina mke. Rahmo ni mjane, ana duka la nguo, ana akili, na akicheka mtu husahau alichokuja kununua. Namtaka. Hanad naye anamtaka. Ijumaa baba yake mdogo, Mzee Jelle, anakuja kutoka Buna kutusikiliza. Ametuma salamu mapema kwamba kila anayemtaka Rahmo atasimama baada ya chakula aghani gabay, shairi la heshima, alilolitunga mwenyewe. Hatamtoa binti yao kwa mwanamume asiye na maneno.

Mimi sina maneno. Nina mbuzi. Lakini pia nina simu, na kule Diff yuko Mzee Mohamednoor, mtunzi. Amenitungia, akanitumia kwa sauti, kipande kwa kipande. Shairi la ajabu! Kuna mstari unaosema kivuli cha Rahmo hupoza chai. Nimeusikiliza mara nyingi, na kila mara naumia kwamba si mimi niliyeufikiria. Mzee pia ananifundisha humohumo, kwa mahadhi yaleyale: hapa pumua, hapa shusha sauti. Hata akitoa amri anaimba.

Kazi ya leo: kuzificha rekodi. Mwalimu Mwende, anayetufundisha kompyuta sisi watu wazima nyuma ya duka la vitabu, ametueleza kuhusu wingu. Unaweka vitu vyako kwenye mitambo ya mbali, kisha unavipata kwa simu yoyote, mradi ujue nywila. Nimeweka zote, pamoja na picha zangu za simu. Kisha nikazifuta kwenye simu. Mwende alisema tubakize nakala mahali pengine. Nakala ya nini? Naficha, sisambazi.

Nywila iwe ndefu, alisema. Nikacheka moyoni. Nimeandika abtirsi yangu, ukoo kama tulivyofundishwa utotoni: Abdinoor, baba, babu, baba wa babu, mpaka yule aliyechimba kisima. Mwende alivitazama vile vinukta vikijipanga mpaka ukingoni, akauliza kama nina hakika nitakumbuka. Mimi! Nimsahau babu yangu!

Jumapili, 9 Novemba

Darasa tena. Mwende anasema nywila nzuri ni ile asiyoijua mtu ila wewe. Maneno yasiyohusiana, au programu maalumu ikutungie na kukutunzia. Pia tuwashe uthibitisho wa hatua mbili: ukitaka kuingia, unatumiwa namba kwenye simu kuhakikisha ni wewe. Rahmo amewasha. Peterson, ofisa wa mifugo aliyeletwa kutoka Embu, amewasha. Mimi nimekataa. Kuulizwa na simu yangu mwenyewe kwamba wewe ni nani ni dharau, hasa baada ya kuitajia ukoo mzima.

Hanad alikaa nyuma. Aliuliza swali moja tu: je, mtu akijua nywila ya mwenzake, anaweza kufungua vitu vyake akiwa kwake nyumbani? Mwende akasema ndiyo, ndiyo maana tunazungumza. Swali la kijinga kiasi hicho! Nilimcheka mpaka Rahmo akanitazama vibaya.

Jumanne, 11 Novemba

Balaa! Tulikuwa hotelini tunakunywa chai. Hanad akakoroga yake taratibu, akasema, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba wako wanawake ambao kivuli chao hupoza chai.

Nikamwaga yangu.

Kuna msaliti. Nimeamua ni Peterson. Ana miwani, ana kompyuta ya mezani, na juzi alinisalimia bila sababu. Lazima yeye ndiye aliyefungua akamuuzia Hanad. Nilimfuata ofisini kwake, nikafunga mlango, nikamwambia anitajie babu zangu watatu. Alifikiri sana. Akasema anamjua mmoja tu, Abdinoor. Huyo ni mimi. Nikamsamehe, akanipa fomu ya chanjo.

Hata hivyo nimebadilisha nywila. Nimeigeuza! Sasa inaanza na mchimba kisima inateremka mpaka kwangu. Nani anafikiria kinyumenyume?

Jumatano, 12 Novemba

Nimemweleza dada yangu Ayan, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Aliuliza nywila yenyewe ni ipi. Nikasema ni siri. Akauliza kama ni abtirsi. Nikaomba chai. Ayan, akiendelea kuchambua mchele, akaitaja yote bila kukosea jina. Kisha akaitaja kwa kinyume. Hakuinua hata macho.

Akanieleza kama anayemweleza mgonjwa. Baba yangu na baba yake Hanad ni ndugu. Babu zangu ni babu zake. Kila mtoto wa ukoo wetu, kutoka hapa hadi Banissa, alichapwa mpaka akakijua kile ninachokiita siri. Akasema nichague kingine leo hii.

Nilitoka pale nimeduwaa. Nilipofika sokoni nikapata wazo, na wazo lenyewe ni kubwa. Kama Hanad anajua babu zangu, mimi najua zake. Ni walewale!

Mnada ulipoisha nikakaa kivulini nyuma ya boma la ngamia, nikafungua ukurasa wa wingu. Mahali pa anwani palikuwa pamejazwa tayari. Simu yangu ina bidii. Nikaandika abtirsi kuanzia kwa Hanad. Imekataa. Nikaigeuza. Imekataa. Ndipo nikawaza kama mwizi: mtu anayeiba vitu vya Abdinoor atatumia hata jina la Abdinoor. Nikaandika yangu, kwa kinyume.

Ikafunguka!

Subhanallah. Nilichokiona humo sitakisahau. Rekodi za Mzee Mohamednoor, zote, kwa mpangilio wangu uleule. Picha za mbuzi wangu wote, hata yule wa pembe moja. Tena picha yangu mwenyewe nimevaa shati la bluu. Hanad anaifanyia nini picha yangu? Nilianza kumhurumia. Mtu hawezi kuiga maisha ya mwenziwe kiasi hicho akawa mzima.

Nikafuta. Moja moja, kwa raha. Kisha nikaingia kwenye pipa la taka la humo ndani, nikalimwaga nalo. Wingu liliniuliza kama nina hakika. Sijawahi kuwa na hakika kama hiyo maishani.

Nikirudi nyumbani nilimpitia Hanad. Nikamuuliza kwa upole kama vitu vyake vyote viko salama. Akasema viko. Maskini!

Alhamisi, 13 Novemba

Wingu langu ni tupu! Hakuna shairi, hakuna mbuzi, hakuna shati la bluu. Hanad amelipiza kisasi!

Nilimkimbilia Mwende. Alichukua simu, akaitazama. Akauliza hii anwani iliyojijaza hapa ni ya nani. Nikasema yangu. Akauliza jana nilifanya nini. Nilianza kusimulia kwa majivuno. Nilipofika kwenye picha ya shati, sauti yangu ilikuwa imeanza kupungua yenyewe.

Mwende alisema, kwa adabu, kwamba akaunti niliyoivunja ni yangu. Akauliza kuhusu pipa la taka. Nikamwambia. Akauliza kuhusu nakala. Sikumwambia. Akaomba radhi, akatoka nje kunywa maji, akakaa huko muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na alikuwa anauma mdomo.

Nikapiga Diff. Simu ya mtunzi haipatikani. Jirani yake akaniambia mzee amefuata ngamia kule kwenye majani mapya, na huko hakuna mtandao.

Nina mistari miwili kichwani na mmoja ni ule wa chai, ambao Hanad ameshautumia.

Niseme ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma. Naogopa. Kila asubuhi napita mbele ya duka la Rahmo ingawa si njia ya sokoni, nazunguka makusudi. Akiolewa na mwingine nitaendelea kupita, najijua, na hilo ndilo ninaloliogopa.

Mpango: koo. Nitafunga shali shingoni, nitakohoa, mzee ataniahirishia.

Ijumaa, 14 Novemba

Baada ya sala, chakula kwa kina Rahmo. Wali, nyama ya mbuzi, ndizi. Sikula, kwa sababu mimi ni mgonjwa. Niliona mguu mzima wa mbuzi ukiishia kwa Hanad.

Mzee Jelle ni mfupi, ana ndevu za hina na masikio yasiyopitwa na kitu. Rahmo na shangazi yake walikaa karibu na mlango wa ndani. Nilikohoa. Mzee akanipa pole, akamwita Hanad.

Hanad akasimama na kuanza. Shairi langu! Alikuwa amelinakili tangu siku ya kwanza, kabla sijafuta. Na aligani vizuri, lazima nikiri. Mzee alitikisa kichwa. Kivuli kikapoza chai, shangazi akashusha pumzi. Niliona mambo yangu yameisha.

Kisha Hanad, macho kafumba, mkono juu, kwa mahadhi yaleyale, akaimba: hapa pumua, mpumbavu wewe.

Watu wakadhani hawakusikia vizuri. Akaendelea. Akaimba: shusha sauti, hubweki. Akaimba: hapa mtazame mzee kama mtu aliyefiwa na ngamia. Akafumbua macho, akamtazama mzee kama mtu aliyefiwa na ngamia.

Mzee Jelle akauliza ni nani hasa asiyetakiwa kubweka.

Furaha iliyonipata! Niliruka juu. Shali likaanguka kwenye sinia. Nikatangaza, kwa sauti nzima kabisa, kwamba huyu ni mwizi, shairi ni langu, nililiagiza mimi kutoka Diff, na yale maneno ya kupumua nilikuwa nafundishwa mimi!

Nyuso zote zikahama kutoka kwa Hanad zikaja kwangu. Mzee Jelle akasema alhamdulillahi, koo limepona. Akaomba maji ya kunawa.

Jumamosi, 15 Novemba

Nilikwenda dukani kwa Rahmo kueleza. Alikuwa anakunja madira. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hunitokea mara chache.

Kisha akasema kwamba Alhamisi alimwomba baba yake mdogo kwa simu anisikilize kwa huruma, maana kila mtu Garissa anajua sina maneno. Alitaka nisimame mbele za watu nikwame. Marehemu mumewe alikuwa msemaji hodari, na hakuna alichosema kikawa. Safari hii hata maneno matatu mabaya yangemtosha, mradi yawe yangu. Alikuwa ameshaamua kusema ndiyo.

Hakuwa na hasira. Alisema kama anayemwambia mteja kwamba rangi ile imekwisha. Akaongeza kwamba Mzee Jelle amerudi Buna asubuhi, na atakuja tena mvua zikipita. Hapo mteja wa kweli akaingia.

Nilirudi sokoni. Niliuza mbuzi kwa mtu nisiyemkumbuka sura.

Jumapili, 16 Novemba

Usiku umenifunza mengi. Leo ni mtu mwingine.

Kwanza, akaunti mpya. Mwende amenisaidia, na safari hii nimewasha hatua mbili bila kubishana. Aliniuliza namba ya uthibitisho itumwe kwenye simu gani. Yangu huishiwa chaji, kwa hiyo nimeandika ya Hanad. Tumepatana. Tumeaibika pamoja, na kwa kweli katika mambo ya nywila sijaona mtu hodari kama yeye. Mwende akaomba radhi, akatoka tena kunywa maji.

Nywila pia ni mpya. Nimeachana na upande wa baba kabisa. Nimetumia ukoo wa mama. Mama yangu na mama yake Hanad ni dada, kwa hiyo nikisahau atanikumbusha.

Mchana Mzee Mohamednoor amepatikana kwenye mtandao. Nimemweleza yote na nimeagiza kazi mpya, iwe tayari kabla mvua hazijapita. Anitungie maneno matatu mabaya. Nimemsisitizia yawe yangu mwenyewe.