Mihuri Kumi na Safari ya Theluji

"Wameifunika na vumbi la mbao!" Faili alisema, akilipiga gazeti la mkoa kwa mgongo wa mkono kana kwamba limemtukania mama. "Theluji ya msimu uliopita! Wameikusanya mwezi wa nne, wakaifukia chini ya vumbi la mbao kiangazi chote, sasa Novemba wanaifunua na kuwaita watu waje kuteleza. Haya, someni wenyewe kama naongopa."

"Kama viazi vya mbegu?" aliuliza Spana bila kuinua kichwa. Alikuwa anaziba pancha. Jina lake la kanisani ni Hylke, na hilo duka la baiskeli hapo mjini Dokkum ni lake, pamoja na benchi la nyuma, birika la kahawa na kopo la biskuti.

"Kama viazi vya mbegu. Rundo lenyewe kubwa kama kanisa."

"Kiporo!" Tjalling alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kidevuni. Huyu ni mfugaji mstaafu, na wanamwita Goti kwa sababu goti lake la kushoto hudai kuijua baridi wiki nzima kabla ya redio. "Watu wazima na meno yao wanaendesha gari kilomita elfu moja kwenda kuteleza juu ya kiporo! Hawana aibu."

"Watu hao ni sisi," Faili alimkumbusha. "Siku ishirini na moja. Vijiji vitatu vya milima ya Tirol, kila kijiji wiki moja. Tunaondoka Januari." Akalipapasa faili lake la bluu lililolala mapajani. Jina lake hasa ni Foppe; alifanya kazi miaka thelathini na nane kwenye ofisi ya maji na mitaro, na tangu astaafu hajui kula yai bila kuliandikia mpango. "Kurasa arobaini na sita. Inabaki saini moja tu, na hoteli ya kwanza inataka jibu leo kabla ya saa sita mchana."

Wote wakamgeukia Gosse.

Gosse alikuwa amekalia kreti lililopinduliwa, akijifanya anasoma maandishi ya kwenye mkebe wa grisi. Kwenye mfuko wa koti alikuwa na kalamu ambayo mkewe, Baukje, alimtumbukizia asubuhi hiyohiyo, wakati anavaa kofia. "Saini," alimwambia, "ama ukalale na matairi ya Hylke." Hakupaza sauti. Miaka arobaini na mbili ya ndoa imemfundisha Gosse kwamba Baukje akipaza sauti kuna nafuu.

"Mimi sina tatizo na safari," Gosse alisema. "Nafikiria tairi tu. Kule sheria kali, bila tairi za theluji hupiti."

"Ukurasa wa kumi na tisa," Faili alijibu. "Zimeshafungwa. Na minyororo ipo."

"Na milima je? Mimi nina kizunguzungu jamani, mnajua."

"Hilo kweli," Spana alisema. "Siku ile tulipopanda mnara wa kanisa alishuka kwa makalio, ngazi moja moja, huku amemshika mchungaji soksi."

"Ukurasa wa ishirini na mbili. Nimemwekea mteremko wa wanaoanza. Atakuwa na wenzake wa miaka minne, na mwalimu ana filimbi."

"Afadhali yeye," Goti alisema. "Mimi Alhamisi nilifanya mazoezi kwenye tuta la bahari. Nimevaa skii, zile mbao za kutelezea, nimeinama vizuri, nikajiachia. Mita tisa tu za mteremko, lakini nilikutana na kondoo kumi na wawili. Mmoja mpaka leo hali nyasi."

"Na chakula?" Gosse hakuwa amekata tamaa. "Wenzetu wale wanakula nini?"

"Ukurasa wa thelathini. Magunia mawili ya viazi, jibini zima moja, siagi ya karanga chupa saba, na kahawa yetu."

"Tirol kuna viazi, Foppe," Spana alisema taratibu.

"Viazi vya nani?" Faili aliuliza.

Gosse akakuna shingo. "Basi na paka? Nani atakaa na paka wiki tatu?"

"Mzee," Goti alimwekea mkono begani, "paka wako alikufa Pasaka. Mimi mwenyewe nilichimba shimo."

Spana akalifunika kopo la biskuti na kulibonyeza lilie *kup*. Pale kwake kahawa moja ni biskuti moja, halafu kopo linafungwa, na tangu duka lifunguliwe hakuna binadamu aliyeona likifunguliwa mara ya pili.

"Sema ukweli wako," Faili alisema. "Tatizo siyo tairi, wala paka, Mungu amrehemu. Ni barafu."

Jina lenyewe la utani lilishasema. Hawakumwita Gosse Mihuri Kumi bure. Majira ya baridi ya mwaka tisini na saba, mifereji ya mkoa mzima ilipoganda na Mbio za Miji Kumi na Mmoja zikatangazwa, Gosse alifunga viatu vyake vya barafu, vile vyenye chuma chini, na kuondoka Leeuwarden alfajiri na kadi shingoni. Ni kilomita mia mbili, kila mji unagongewa muhuri, na lazima umalize kabla ya saa sita usiku. Akagongewa miji kumi. Mmoja tu ulimshinda, na mji wenyewe ndio huuhuu Dokkum, kwao, alikozaliwa. Tangu siku hiyo barafu haijafika tena unene unaotakiwa. Na tangu siku hiyo Gosse, akiisubiri, hajatoka nje ya mkoa kati ya Desemba na Machi, hata kwa harusi ya dada yake.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Goti alisema.

"Wahenga walisema subira yavuta heri," Gosse akajitetea.

"Yako imevuta kutu. Umekula ng'ombe mzima, ndugu yangu, mkia umekushinda."

"Haukuwa mkia!" Gosse alisimama. "Ilikuwa supu!"

"Aaah, supu!" wote watatu wakaitikia, kisha wakaanza kwa pamoja, kama wanaimba zaburi: "Nimefika daraja la Bartlehiem, miguu mizima, pumzi ninayo..."

"Ninayo, ndiyo!"

"...Baukje kasimama pale chini na chupa ya supu ya njegere, ya moto, ina soseji..."

"Ina soseji! Ningefanyaje? Nikakaa. Nikasema dakika mbili. Ile supu ikashuka, usingizi ukapanda, na miguu ikagoma palepale. Dokkum naiona kabisa, taa zake naziona!" Akakaa tena juu ya kreti. "Cheka tu, Foppe. Mimi nina miaka sabini. Hiyo barafu ikija nikiwa Tirol, nimefungwa mbao miguuni, katikati ya watoto wa miaka minne, nitakufa. Siyo kwa kuanguka. Nitakufa kwa uchungu tu."

Goti alitazama chini. Faili naye alihangaika kidogo na miwani, lakini mtu aliyekaa ofisini miaka thelathini na nane huruma yake hupitia kwanza masijala.

"Haiji," alisema. "Barafu ilikufa, Gosse. Tulishaizika, tukakaa matanga, tukagawana nguo. Mimi hata viatu vyangu vya barafu sijui viko wapi."

"Vyangu nilimpa mjukuu," Goti alisema haraka.

Spana akapaliwa na kahawa. Alikohoa mpaka ikabidi ageukie ukutani.

Hapo kengele ya mlango ikalia, na Baukje akaingia akiwa na kofia yake ya kuendeshea baiskeli na mfuko mzito wa turubai mkononi. Akautua sakafuni.

"Amesaini?"

"Bado, shemeji," Faili alisema, akisimama kwa heshima. "Tulikuwa kwenye supu."

"Mlikuwa kwenye supu." Baukje alimtazama mumewe, na Gosse akarudi kwenye mkebe wa grisi. "Gosse, hivi unajua kwa nini naitaka hiyo milima? Unafikiri napenda kuanguka? Nimekaa na wewe dirishani majira yote haya, tunautazama mfereji. Novemba tunautazama, Desemba tunautazama, Machi bata wanaogelea, tunafunga pazia. Nimechoka. Mara moja tu maishani nataka nione baridi inayofika."

Gosse alisikia maneno hayo yakimchoma mahali ambapo utani wa wale watatu haukuwahi kufika. Akatoa kalamu. Akaitazama. Akaona haya, na bado mkono haukwenda.

"Lete hilo faili nilione mwenyewe," Baukje alisema.

"Aa, shemeji, ni mambo ya kiufundi tu..."

"Foppe. Lete."

Akalifungua juu ya meza ya kazi, kati ya pampu na mnyororo. Akapitia tairi, akapitia mwalimu wa filimbi, akapitia viazi. Alipofika mwisho akalamba kidole, akatenganisha karatasi mbili zilizogandana.

"Ulisema kurasa ngapi?"

"Arobaini na sita," Faili alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kukonda.

"Hapa kuna wa arobaini na saba." Baukje akausogeza kwenye mwanga. "Kichwa cha habari: *Ikitokea*. Moja, gari lisiegeshwe likitazama ukuta, pua ielekee barabarani muda wote. Mbili, viatu vya barafu vya wote vikae chini ya viazi. Tatu, tangazo la Mbio likitoka, kuondoka ndani ya dakika ishirini, skii ziachwe zilipo. Nne, kusimama kukojoa mara mbili, dakika tatu tatu. Goti mara nne, kwa sababu ya umri."

"Mara nne?" Goti aliruka. "Tulikubaliana tatu!"

"Tulikubaliana?" Gosse aliuliza.

Goti akafunga mdomo, lakini ng'ombe alishatoka zizini.

"Na hii ni nakala ya barua kwa mwenye hoteli, kwa Kijerumani," Baukje aliendelea. "Huenda tukalazimika kuondoka ghafla, kwa sababu za kifamilia."

"Sababu za kifamilia!" Gosse alijipiga paja. "Foppe! Si ulizika wewe? Si uligawa nguo?"

Faili alikuwa mwekundu kuanzia kola kupanda juu. "Mpango mzuri hufikiria kila kitu. Hata yasiyowezekana. Huo ni utaratibu wa kazi."

"Utaratibu wa kazi," Spana alisema. Alijifuta mikono, akaenda chumba cha nyuma, akarudi na jozi mbili za viatu vya barafu zinazoning'inia kwa kamba, vyuma vimenolewa hadi vinang'aa. Kila jozi ilikuwa na kikaratasi cha jina. "Kwa nini nipaliwe peke yangu? Foppe, hivi vyako, hujui viko wapi, viko hapa tangu Septemba. Tjalling, huyu mjukuu wako anavaa namba arobaini na nne?"

"Ana miguu mikubwa," Goti alinong'ona.

"Na wewe, Spana?" Faili aliuliza kwa hasira ya aliyefumaniwa. "Vyako viko wapi?"

"Chini ya kitanda. Mimi mtu mwaminifu, hamjaniuliza."

Gosse alicheka. Alicheka mpaka machozi, na baadhi ya hayo machozi hayakuwa ya kicheko. Kumbe miaka yote hiyo hakuwa kichaa peke yake, alikuwa kichaa wa hadharani tu. Akaivuta karatasi, akasaini, na kwa furaha akaipigia saini mstari mara mbili.

"Nimesaini, Baukje. Tunakwenda milimani. Utaiona baridi yako, siku ishirini na moja." Akasita kidogo, kama mtoto anayeomba kwa mara ya pili. "Ila ikitokea... mimi na hawa tutarudi. Wewe unaweza kubaki. Hoteli itakuwa imeshalipiwa."

"Nibaki?"

"Ustarehe."

Baukje aliinama, akauinua ule mfuko wa turubai, akautua mbele ya Spana. Ndani kulikuwa na viatu vya barafu, ngozi yake imepakwa mafuta upya, vyuma vina kutu kidogo pembeni.

"Vinoe hivi, Hylke. Visikae na vya wengine, utavichanganya."

Gosse akavitazama, akatazama na miguu yake mwenyewe. "Hivi si vyangu. Hivi vidogo."

"Namba thelathini na nane."

"Vya nani sasa?"

"Vyangu. Uanachama wa chama cha Mbio ninao, siku nyingi." Alikuwa anafunga mkanda wa kofia kidevuni, polepole. "Wewe umekosa muhuri mmoja, Gosse, na mkoa mzima umelia na wewe. Mimi nilisimama pale darajani siku nzima nimekumbatia chupa. Mimi nimekosa kumi na mmoja."

Spana, ambaye mikono yake ilihitaji kazi, alilishika kopo la biskuti na kulifungua. Mara ya pili. Akampa Baukje kwanza. Baukje akachukua moja, akashukuru, akatoka, na kengele ya mlango ikalia nyuma yake.

Wanaume wanne walibaki na kopo wazi, wala hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono. Gosse alikuwa anaitazama ile jozi ya namba thelathini na nane. Alitaka kumkimbilia, lakini hakujua akimfikia aanze na neno gani.

Goti ndiye aliyesema kwanza.

"Sasa supu atapika nani?"

Faili akafungua faili lake, akaanza kupekua kuanzia ukurasa wa kwanza.