Pikapu ya Njano Iliyoota Manyoya

Jamani, sina uso. Nimeuacha kwenye geti la kliniki ya macho leo asubuhi, na sidhani kama mlinzi atanitunzia.

Naandika haya nikiwa nimejifunga kanga ya mama kiunoni. (Mtajua kwa nini. Vumilieni.)

Baba yangu ana pikapu. Ni ya zamani kuliko mimi. Amebeba nayo mchanga, pamba, maharusi, majeneza, na magunia ya dagaa kutoka soko la Mwaloni. Hata mimi nililetwa nyumbani nayo nilipozaliwa, mama amekaa mbele amenipakata, baba akiendesha taratibu kana kwamba amepakia mayai. Ilikuwa ya njano. Njano kweli, ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Jua la Mwanza likailamba miaka yote hiyo hadi ikabaki na rangi ya uji uliopoa, na kutu ikaanza kuila milango kutoka chini.

Sasa baba anapoteza macho. Daktari alituambia kwa sauti ya upole, ile sauti ambayo ukiisikia tu unajua neno linalofuata halitakuwa zuri. Upasuaji utapunguza mwendo wa ugonjwa, alisema, lakini hautarudisha kilichokwenda. Alichobakiwa nacho baba ni mwanga, vivuli, na rangi kali akiipata juani. Na hivyo navyo vitaondoka.

Baba alijiinua kitandani. Kisha akasema, "Masanja, ningeiona gari yangu ya njano mara moja, ingetosha."

"Utaiona, baba. Siku ukiruhusiwa nitakuja kukuchukua nayo."

(Mimi ni mwandishi wa riwaya. Kuahidi mambo mazuri ndiyo kazi pekee ninayoiweza.)

Basi nikaingia kazini. Nilikwangua kutu kwa msasa hadi ncha za vidole zikawa laini kama za mtoto mchanga. Matundu madogo nikayaziba kwa pati. Tundu kubwa la sakafuni, lile ambalo abiria aliweza kuona barabara ikipita chini ya miguu yake, nikaliziba kwa bati la debe la mafuta ya kula. Ukikaa upande huo sasa unakanyaga picha ya alizeti.

Ikabaki rangi. Niliingia duka la rangi za magari, nikauliza bei, nikamwamkia mwenye duka upya kwa heshima, nikatoka.

Ndipo akaingia Kulwa. Kulwa ni rafiki yangu tangu shule ya msingi, na kazi yake ni kupaka rangi mitumbwi pale ufukweni Kirumba. Alikuwa na madebe ya rangi ya njano yaliyobaki kwenye kazi fulani.

"Hii ni ya mitumbwi," nikamwambia.

"Mtumbwi unakaa majini mwaka mzima na rangi haibanduki. Gari ya mzee inaogelea?"

"Haiogelei."

"Basi utazeeka uiache."

Rangi ilikuwa nzito kama asali. Ilihitaji thina, na thina hatukuwa nayo. Kulwa akasema tuilainishe kwa mafuta ya taa, mitumbwi yote huwa anaifanya hivyo.

"Itakauka?"

"Kabla hujamaliza chai, Masanja. Kunywa tu."

(Mitumbwi yake huanikwa mchangani siku nyingi kabla haijaguswa na mtu. Hilo hakulisema. Nami sikuuliza, nilikuwa nakunywa chai.)

Vioo tulipaswa kuvifunika kwa magazeti. Magazeti hatukuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni mswada wa riwaya yangu, ule uliorudishwa na mchapishaji na maneno mawili ya shukrani. Nikaubandika kwenye vioo, ukurasa baada ya ukurasa. Nakiri nilijisikia vizuri. Hatimaye kitabu changu kimepata kazi.

Tulipaka jana mchana kutwa, kwa brashi, uani kwa Kulwa, hatua chache tu kutoka majini.

Leo asubuhi nikafika pale jua likiwa limepanda. Jamani! Ilikuwa inawaka. Ziwa lilikuwa la kijivu, mawe ya mlimani ya kijivu, nyavu zilizoanikwa za kijivu, na katikati yake pikapu ya baba, njano, kana kwamba mtu amepasua yai juu ya dunia. Nilisimama nikaiangalia. Nikasema moyoni, hii ataiona. Hata kama atabaki na chembe moja ya mwanga, hii ataiona.

Nilikuwa nimevaa suruali yangu nyeupe, ile ninayoivaa tukikutana waandishi kusomeana kazi zetu. Siku kubwa, suruali kubwa.

Nikagusa boneti kwa kidole. "Kulwa, bado inanata."

"Ngozi ya juu tu hiyo. Chini imekauka."

(Nimekaa na sentensi hiyo kutwa nzima leo. Bado siielewi.)

Nikamwomba anipige picha, niwawekee nyinyi hapa. Nikaegemea boneti, nikakunja mikono, nikatazama mbali kama watu wa kwenye majalada ya vitabu. Picha ilikuwa nzuri. Nilipoinuka, nikasikia kitu kikivutika nyuma yangu, polepole, kama plasta inayotolewa kwenye kidonda. Nikadhani ni bati linapumua. Sikugeuka.

Nisingegeuka hata ningetaka, kwa sababu nilikuwa naangalia ziwa.

Mbali kule majini ulikuwa umesimama moshi. Mrefu, mweusi, unayumba kiunoni kama mtu anayesikiliza ngoma. Sisi wa hapa tunaujua. Si moshi. Ni wale wadudu wa ziwani, wadogo kama punje ya ulezi, ambao huzaliwa majini wote kwa mpigo na kupaa pamoja. Siku nyingi upepo huwapeleka kwingine. Mimi badala ya kukimbia nikasimama kuustaajabia. Nilianza hata kuutafutia sentensi.

"Masanja! Funika gari!"

"Nifunike na nini?"

Upepo ukageuka.

Sitawaelezea sana. Ilikuwa kama kuingia ndani ya gunia. Walijaa masikioni, puani, kwenye kope. Nilifungua mdomo kumwita Kulwa, nikapata kifungua kinywa. Wadudu hawa wanapenda kitu kinachong'aa, na leo ufukwe mzima wa Kirumba ulikuwa na kitu kimoja tu kinachong'aa.

Wingu lilipopita, tukafumbua macho.

Pikapu ilikuwa imeota manyoya.

Kila mahali. Milango, paa, bampa, bodi la nyuma. Manyoya meusi yenye kijani kwa mbali, na mengine bado yanapigapiga mbawa. Hakukuwa na njano hata ya kutia jichoni. Nilichukua kitambaa nikafuta kipande kidogo cha mlango, ikatoka kama mlenda. Nikaacha.

"Ukiwaacha wakauke watapukutika wenyewe," Kulwa akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Kwa mitumbwi huwa siangalii. Ikishaingia majini samaki wanamalizia."

Simu ikaita. Mama.

"Masanja, uko wapi? Baba yako keshavaa viatu tangu alfajiri. Amekaa benchi la nje. Kila anayepita anamuuliza kama jua limetoka vizuri."

Ningefanya nini? Ningeweza kuomba gari la mtu. Lakini nilikuwa nimesema nitakuja nayo. Nikabandua kurasa za kioo cha mbele, nikawasha, nikaondoka. Kurasa za kioo cha abiria na cha nyuma zilikataa kutoka, rangi ilikuwa imezikamata.

Njiani ndege wakanigundua. Wawili kwanza, kisha ukoo. Wengine wakatua juu ya paa na kusafiri nami, wakila. Kwenye mataa, mwendesha bodaboda akasimama ubavuni mwangu akainua kofia yake ngumu.

"Bro, hii umeifuga au umeinunua?"

Nikapandisha kioo. (Hakipandi. Nilijifanya tu.)

Nikafika getini. Mlinzi akatoka kibandani, akaizunguka gari mara moja akiwa ameshika kiuno.

"Kaka, chakula cha kuku kinaingilia geti la nyuma."

"Nimekuja kumchukua mgonjwa."

"Kwa hii?" Akasogelea kioo cha abiria, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari. "'Moyo wake ulikuwa ziwa lisilo na ufukwe, na machozi yake mvua isiyojua msimu.' Ndugu, huyu mgonjwa ana nini hasa?"

Watu wakacheka. Muuza maji, akina mama wa foleni, manesi wawili. Nikaiacha gari nje ya geti, juani, nikashuka nikapita katikati yao kichwa juu. Nikaona jambo moja la ajabu: walikuwa wakicheka zaidi nikishapita. Nikadhani wanaangalia ndege.

Baba alikuwa benchini. Shati limenyooshwa, viatu vimepigwa kiwi, bandeji jicho moja, jingine wazi, fimbo mkononi. Mama pembeni yake na kapu la vyombo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo."

Akatabasamu. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu ugonjwa uanze. Nikamshika mkono, tukatembea naye hadi nje. Mama alipoiona gari akashika mdomo. Nikamkonyeza anyamaze.

Nikamsimamisha baba mbele ya mlango wa dereva. Akatulia. Akainua uso, akafumbua lile jicho lake kwa nguvu, kama mtu anayechungulia kisimani. Akasogea hatua moja. Akasogea tena.

"Umeipaka?"

"Nimeipaka, baba."

"Njano?"

"Njano."

Mabega yake yakashuka.

"Basi," akasema. "Naona weusi mtupu. Basi yameshakwisha."

Nikamsogelea. "Hapana, baba! Macho yako hayajaisha. Gari ndiyo nyeusi."

"Umesema ni ya njano."

"Ni ya njano, lakini ni nyeusi. Wadudu wa ziwani, baba, wamejaa kwenye rangi, ilikuwa haijakauka..."

"Masanja." Aliniita taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mimi ni mtu mzima. Usinibembeleze kwa hadithi."

"Baba Masanja, ni kweli," mama akadakia. "Limejaa wadudu, ni jeusi tii."

"Na wewe umeanza."

Akanyoosha mkono akaupapasa mlango. Mkono ukasita. "Hii gari au mbuzi?" Lakini hakucheka. Tayari alikuwa ameshaamini giza lake. Machozi yakatoka upande mmoja tu, upande usio na bandeji.

Mimi, mwenye ziwa lisilo na ufukwe, sikuwa na neno hata moja ambalo angeliamini. Nikaona njia ni moja tu: nifute, hata kwa kucha, nipate kipande cha njano cha kumwonyesha. Nikamgeuzia mgongo, nikainama mlangoni, nikaanza kukwangua mlenda ule kwa mikono miwili.

"Simama hapo hapo!"

Ilikuwa sauti ya baba, ile ya zamani, ya kuwafokea watu wanaokaa ukingoni mwa bodi la gari.

"Usigeuke. Usitikisike." Nikasikia fimbo yake ikigonga lami, inakaribia. "Njano. Naiona njano!"

"Wapi, baba?"

"Hapa. Mbili, zimekaa pamoja. Mama Masanja, si njano ile?"

"Ni njano," mama akasema. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa namna ambayo sikuielewa. "Ni njano kabisa. Ila Baba Masanja, hayo ni matako ya mwanao."

Geti zima lilipasuka kwa kicheko. Mlinzi alikaa chini. Nesi mmoja akaegemea ukuta. Ndipo nikaelewa boneti, picha, kile kilichovutika nyuma yangu, na vicheko vyote vya kuanzia getini.

Nilitaka kunyanyuka nikimbie. Baba akanishika bega.

"Inama kidogo zaidi," akasema. "Jua liipate vizuri."

Nikainama. Mbele ya akina mama wa foleni na muuza maji, uso wangu ukiwa sentimita chache kutoka kwa wadudu. Baba akaangalia. Hakuwa na haraka. Mtu mmoja akatoa simu, mwingine akamshika mkono akairudisha mfukoni. Vicheko vikapungua, vikaisha kabisa. Nikabaki nasikia pumzi za baba tu nyuma yangu, na ndege juu ya paa wakiendelea kula.

"Ndiyo yenyewe," hatimaye akasema. "Ndiyo ile ile tuliyokuleta nayo."

Nikaendesha kurudi nyumbani nimekalia gazeti la mlinzi.

Baba ameniagiza niivue suruali ile niitundike kwenye kamba uani, mbele ya kiti chake. Amekaa nayo mchana kutwa. Jua lilipozama, akauliza kama nimeshaianua.

Sikuwa nimeianua. Ilikuwa pale pale mbele yake.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Nimeianua. Kesho nitaitundika tena."

Basi mkipita kwetu Kirumba mkakuta suruali nyeupe kambani yenye makalio ya njano, msicheke, na mkishindwa chekeni polepole. Haifuliwi hiyo.