Saa Arobaini na Moja Zilizolowa

Alhamisi, 12 Juni
Msiba! Loice, bosi wetu hapa Sotik, ametuwekea saa ndani ya kompyuta tangu Jumatatu. Ukigusa kipanya, inahesabu. Ukikaa kimya, inasimama. Asiyefikisha saa arobaini kabla ya Jumatatu, hana mkataba. Mimi nina kumi na tano! Nyaguthii, mwenzangu, ana tisa tu na hana habari. Anasema yeye hufikiria kazi akiosha vyombo. Haya, tutaona nani atacheka.

Kazi yenyewe ni moja. Programu yetu ya mizani ya majani chai inamkata mkulima uzito wa gunia mara mbili badala ya mara moja. Nani atarekebisha na roho iko juu hivi?

Ijumaa, 13 Juni
Nimefanyia kazi nyumbani. Yaani nimeitazama saa mpaka macho yakauma. Kutazama hakuhesabiwi! Sijaandika mstari hata mmoja. Nina kumi na saba.

Mama akaingia na risiti ya majani. Kilo moja imepotea tena. Akasema aliyetengeneza hiyo programu hana mama. Nimemwambia nitamtafuta huyo mtu.

Jumamosi, 14 Juni
Nimepata dawa! Ndama wa Mama, nzi hawamwachi. Nimemfunga chini ya dirisha langu, kamba kutoka mkiani hadi kwenye kipanya mezani. Nzi akitua, mkia unapiga, kipanya kinacheza, saa inahesabu. Leo pekee zimeongezeka saa kumi na mbili! Nimempa ndama chumvi ya ziada. Anastahili.

Jumapili, 15 Juni
Nimeimba kwaya kwa amani ya ajabu. Loice alikuwa benchi la mbele, akanipungia mkono. Nami nikampungia, mjinga mimi! Nilipofika nyumbani jioni, kompyuta ilisoma saa arobaini na moja. Ndipo nikakumbuka: asubuhi yote nilikuwa kanisani, na kompyuta inasema nilikuwa kazini. Woi, nimekwisha.

Jumatatu, 16 Juni
Nilikuwa nimesahau kwamba Loice alikuwa karani wa mizani kituo cha majani, miaka kumi na tisa. Amesema kuna waliomwagia majani maji yapate uzito, na yeye alikuwa akishika tu kiganjani, anajua. Akasema saa zangu zimelowa. Akakata za ibada. Akauliza za Jumamosi nilifanya nini. Jasho! Nikamtaja ndama.

Nyaguthii ana saa kumi na moja, lakini lile kosa la gunia alilimaliza Jumamosi kwa dakika ishirini. Mkataba wake umeendelea. Mimi nimelia, nimepewa wiki moja. Saa imeondolewa, maana Loice anasema haina faida. Sasa atahesabu makosa ambayo kila mtu amerekebisha. Nikikosa, nirudi shambani nikachume chai.

Jioni Mama alikuwa na furaha, kilo yake imerudi. Amemwombea baraka aliyerekebisha. Nimeitikia Amina.

Jumanne, 17 Juni
Nimekagua programu nzima. Hakuna makosa! Nyaguthii ameyamaliza yote, yule mwanamke hana huruma. Sasa mimi nitarekebisha nini?

Saa nne asubuhi nikatulia. Nimeingiza makosa thelathini mapya kwa mkono wangu. Ijumaa nayarekebisha yote, nakuwa wa kwanza.

Mama amerudi kutoka kwenye mizani akifoka. Kilo saba! Nimemwambia nitamtafuta huyo mtu.