Uso Niliomwachia Marehemu

Jumamosi, 1 Agosti 1936

Hili sijamwambia mtu, na hata Mungu nimemzungukia. Meneja akiacha gari lake mbele ya kiwanda cha chai, huwa nainama kama naokota kitu, halafu natazama uso wangu kwenye taa ya mbele. Pua pana. Masikio yamekimbilia nyuma. Simjui huyo kijana.

Kosa si langu. Nilipozaliwa, nyanya alinipa jina la Owino, mwanawe aliyekwenda kubeba mizigo vita vya Mjerumani asirudi. Mwili haukuonekana. Nyumbani kule ziwani walizika tunda la mti wa yago badala ya mwili. Basi macho yangu ni ya Owino, kicheko ni cha Owino. Nikijikwaa, Owino naye alikuwa mzito wa miguu. Hata mafua si yangu! Jina la ubatizo ninalo, Kepher, lakini hulitumia mwalimu peke yake, akitaka kunichapa.

Mwezi ujao natimiza miaka kumi na sita. Baba atanipeleka bomani nichukue kipande, cheti cha Serikali. Vidole kwenye wino, kibati shingoni, jina Owino. Nimekwisha. Kabla ya hapo lazima nipate picha moja ya mimi mwenyewe. Si yake. Yangu!

Jumatatu, 3 Agosti

Osoro wa darasa letu amepigwa picha Kisumu, ameshika baiskeli ya mtu. Anaitembeza kambi nzima ya wafanyakazi wa chai, ndani ya Biblia. Nilimwambia baiskeli imetoka vizuri. Amenuna.

Nikaenda kwa Irungu, muuza viazi, ambaye ana kamera ya sanduku. Nikamwomba aniazime. Akauliza nataka kumpiga nani. Nikasema mimi. Akauliza atakayepiga ni nani. Nikasema mimi. Akauliza kama nimezaliwa pacha.

Ningemwelezaje? Mtu akinitazama, shingo yangu inaingia ndani kama ya kobe. Nikasema tu nitavuta kwa kamba. Akacheka mpaka akakalia viazi. Tumepatana: namchotea maji kutoka mtoni, asubuhi na jioni. Mabega yamekwisha kuchubuka.

Alhamisi, 6 Agosti

Leo ndiyo leo! Nilipanda darini kiwandani, wanakotandaza majani mabichi juu ya magunia yanyauke. Baba yuko chini kwenye mashine, haoni. Nimevaa koti lake bila ruhusa. Kamera juu ya kreti, kamba kwenye kidole cha mguu.

Irungu alinionya kwamba humo ndani ni giza. Nivute, jicho la kamera libaki wazi, nitulie kama niko kwenye sala, kisha nivute tena kulifunga. Nikavuta. Nikaganda. Nikaweka mawazo yote usoni: Kepher, Kepher, Kepher.

Nyapara akaingia akinguruma, ni ng'ombe gani amekanyaga majani yake. Nikageuza kichwa kulia. Nikageuza kushoto. Nikavuta kamba, nikakumbatia kamera, nikashuka ngazi kwa makalio. Kamera nzima. Koti limepasuka kwapani. Mimi sijui.

Jumapili, 9 Agosti

Maafa!

Irungu aliosha picha kwenye ghala lake la viazi, akaileta nyumbani mwenyewe nikiwa bado kanisani. Akamkabidhi nyanya.

Koti limetoka safi, vifungo vyote vinahesabika. Juu ya kola, moshi. Moshi mweupe wenye vivuli viwili mahali pa macho. Ndiyo mimi huyo.

Nilimkuta nyanya amekaa chini, picha mapajani, anaiimbia polepole. Akaniambia Owino amekuja. Kule vitani alikufa kwa baridi, lakini sasa, tazama, wamempa koti.

Nikasema, nyanya, huyu ni mimi.

Akanishika shavu. Akasema, najua, mwanangu, ni wewe.

Baba akaingia. Akatazama picha. Akalitambua koti lake, akanitazama, akatazama kwapa lililopasuka. Nikakaza shavu nikingoja kofi. Akatoka nje. Nilimsikia nyuma ya jiko anapenga kamasi, muda mrefu. Owino alikuwa kaka yake.

Jumatano, 12 Agosti

Picha iko ukutani. Watu wetu wanakuja kutoka kambi zote, wanaume wanavua kofia, wanawake wanalia kwa sauti. Mama Ajwang, jirani yetu, amesema kumbe mtu mzuri hivi ndiye aliyezikwa kama tunda! Mimi namimina chai. Hakuna anayenitazama. Nyanya huwasimulia wote jinsi Owino alivyovaa kofia, kitu gani sijui cha kofia. Sikusikiliza, nilikuwa natafuta kamba.

Osoro naye amekuja. Akaninong'oneza, ni nani huyo? Mdomo wangu ukajibu: baba mkubwa. Akatazama picha, akanitazama. Akasema, kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake, kwamba marehemu alinishinda sura.

Marehemu hana sura!

Ningeweza kusema ukweli, waone ni koti la baba na mjinga ndani yake. Lakini jana usiku nyanya alilala bila kumwita Owino gizani, mara ya kwanza. Itabidi nimwambie azike tunda tena? Siwezi. Sina uso, na bomani wananingoja.

Lakini Irungu ana filamu mpya! Nimerudia kuchota maji. Safari hii nje, katikati ya michai, jua kali, nyapara akiwa mbali. Nitavaa kofia ya baba, nimeiinamisha kidogo upande wa jicho la kushoto, ili nisifanane na mtu yeyote wa ukoo huu. Wazo hili sijui limenijiaje. Ni langu kabisa!

Nasikia fimbo ya nyanya. Inakuja mlangoni. Anauliza kofia ya baba iko wapi, Owino alikuwa akiiinamisha upande wa kushoto, wageni wanataka kuonyeshwa.

Anaita, Owino! Nimeshaitika. Naficha karatasi hi—