Meneja Mkuu wa Viti Viwili

Jumatatu, 2 Machi

Fomu ya ukaazi wa kudumu wa mke wangu inataka nieleze ninavyojikimu. Mdhamini wake ni mimi. Na kiwanda cha masanduku kimeniachisha kazi tangu Desemba! Mke hajui. Miaka miwili sasa, mimi huku ugenini na yeye nyumbani, sisi ni mume na mke wa simu. Jana kaniuliza kama dirisha langu linapata jua asubuhi, ajue ataweka wapi cherehani. Nina hamu naye hata kitandani nalala upande mmoja, wa pili nimemwachia. Fomu sikuimaliza kuisoma, kurasa nyingi mno. Ila mpango umeshaiva.

Jumatano, 4 Machi

Nimemwendea kinyozi wa kona, nimemwomba barua ya ajira. Akasema hana mfanyakazi, ana viti viwili na kimoja kimevunjika mguu. Nikamwambia ndiyo maana anahitaji meneja. Kaguna, kasaini. Meneja Mkuu! Nimeipeleka mwenyewe uhamiaji. Afisa kaisoma mara mbili, kisha kanitazama viatu. Wivu tu.

Ijumaa, 6 Machi

Balaa! Afisa kapiga simu saluni. Kinyozi, badala ya kujibu ndiyo na kunyamaza, kaamua kunipamba. Kasema meneja yuko safarini, anakagua matawi. Mangapi? Kumi na moja! Afisa akataka anwani zake. Kinyozi akakata simu, akafunga na duka. Nimeitwa ofisini Jumatatu. Naogopa kwelikweli. Nikimkosesha mke wangu kibali, uso wangu nitauweka wapi?

Jumatatu, 9 Machi

Afisa hakufoka. Heri angefoka. Kafungua ukurasa wa sita, kaniamuru nisome kwa sauti. Kumbe mdhamini kukosa kazi si sababu ya kumkataa mkewe! Wanataka mpango wa kweli wa kuishi tu. Akiba ya mke inahesabiwa, na kazi aliyoahidiwa pia. Kinachoniponza ni barua yangu. Kanipa siku saba nijaze upya, kwa huruma yake.

Nikampigia mke, nikakiri yote. Akasema alijua zamani, maana mwenye kazi hampigii mkewe saa nne asubuhi kumuuliza kala nini. Akiba anayo. Kiwanda cha nguo cha huku kimeshamwandikia barua ya kazi, alikuwa akingoja nimwambie ukweli ndipo anitumie. Akasema meneja hamtaki, anamtaka mumewe. Nimelia. Sauti iko sikioni kabisa, mwenyewe hayupo!

Jumanne, 10 Machi

Nimejaza upya. Kazi: sina. Nimejiona malaika. Halafu ukurasa wa saba: ambatisha picha ya makazi. Hiki chumba changu? Ukuta una ukungu, pazia ni shuka. Wakikiona watamrudisha mke wangu kabla hajaondoka! Nikapita duka la samani, nikapiga picha kitanda cha futi sita, kabati na zulia. Muuzaji kanifukuza, lakini nilishamaliza. Nimetuma.

Sasa ndipo naona kwenye picha bango juu ya mito: PUNGUZO, MWISHO JUMAMOSI. Haidhuru. Afisa akiuliza, nitasema sisi tunapenda maandishi ukutani. Mke wangu, njoo upesi.