Kamera ya Mdoe Inavyolia

Basi la watalii wa kwenda Lushoto lilisimama Korogwe dakika tano tu. Zilimtosha mzungu mmoja kumpiga picha Afande Hilaria, trafiki, firimbi mdomoni na mkono juu. Basi likaondoka.

"Wanatupiga picha, wanaondoka nazo," Hilaria alimlalamikia Bi Chausiku, muuza machungwa. "Hata siku moja sijajiona."

Pembeni, mgeni mmoja, Mdoe, alikuwa akila chungwa ambalo hakulilipia. Shingoni mwake ilining'inia kamera kubwa yenye kasoro moja ndogo: ndani hamkuwa na kitu zaidi ya karanga zake za njiani. Mlio aliutoa mwenyewe kwa ulimi.

"Jambo, afande! Wale ni wenzangu. Tunatengeneza kalenda ya watalii, Maisha ya Kila Siku Korogwe. Wewe nakuona Januari."

"Januari?"

"Mwaka haufunguliwi na mtu hivi hivi, afande."

Ada ya kusafishia picha ilikuwa kitu chochote kisicho pesa. Mdoe hakuwa mjinga. Pesa ya simu ina jina la mtu, kuku hana.

Saa sita stendi nzima ilikuwa imekwenda nyumbani kubadili nguo. Bi Chausiku alirudi kwenye machungwa yake na kitenge cha harusi. Clinton wa bodaboda alivaa suti, na pikipiki kaiosha mara mbili.

"Jamani, nilisema maisha ya kila siku!"

"Ndiyo haya," alijibu Bi Chausiku. "Piga."

Klak! ukalia ulimi. Klak! Klak! Kufikia alasiri Mdoe alikuwa na kuku watatu na dumu la asali, na koo limemkauka.

Afande Hilaria alikuja wa mwisho, nguo nyeupe zimenyooka kwa pasi. Mdoe akainua kamera. Wakati huohuo Bi Chausiku, kwa huruma, akamtia kipande cha chungwa mdomoni.

Kamera ikanyamaza.

"Mbona yangu haijalia?" Hilaria akauliza.

Mdoe akameza chungwa na mbegu zake. "Klak," kamera ikalia, imechelewa. "Ilikuwa inatafuta mwanga, afande."

Hilaria alimtazama koo kwa muda, kisha akatabasamu. "Sawa. Lakini mgeni haondoki bila picha ya kumbukumbu. Simama katikati."

Mdoe akarudi hatua moja nyuma. Miaka kumi na minne ya kazi hii, mtaji wake ulikuwa sura isiyobaki popote. Lakini nani amkatalie trafiki mbele ya watu? Akasimama na kuku wake, na Hilaria akampiga picha kwa simu.

Hilaria akasogea pembeni na simu yake. Aliporudi alikuwa mpole kupita kiasi. Akanyoosha mkono, kosta ikasimama.

"Konda, huyu mgeni wangu. Mpe kiti cha mbele, na asishuke mpaka mwisho wa safari."

Mdoe alijizuia asicheke. Jamani, watu wema wanatia huruma! Walikuwa wameuacha mji nyuma alipokumbuka kuuliza.

"Hii gari inakwenda wapi?"

"Kwedizinga, bosi."

Kwedizinga! Mwaka jana aliwapiga picha huko watu wa miezi yote kumi na miwili, akaondoka na mbuzi wao.

"Nishushe hapa hapa!"

"Afande kasema mpaka mwisho. Picha yako kaitupa kwenye magrupu yote, Kwedizinga wamejibu wa kwanza." Konda akabonyeza simu, ikatoka sauti ya bibi kizee: "Huyo huyo! Mleteni, mie ndo Desemba!"

Kijiji kizima kilikuwa barabarani, kimevaa nguo za Idi. Mbele alisimama Bibi Rukaya, yule wa Desemba, na kamba ndefu mkononi, isiyo na mbuzi. Konda aliwashusha kuku na asali kwanza, akamkabidhi bibi.

"Shikamoo, bibi," alisema Mdoe.

"Marahaba, mwanangu. Haya, tuoneshe kalenda yetu."

Kwa mazoea Mdoe akainua kamera. Akajaribu ulimi mara moja, akajaribu tena. Mdomo ulikuwa mkavu kabisa, na kamera haikulia.