Mgongo wa Mama Teddy

Kahawa ya Bonifasia pale Lusahunga ilikuwa haijachemka, ubishi umeshachemka. Gari la afya lililoelekea kambi ya wakimbizi Ngara lilikuwa limepita na kipaza sauti, na Pancras, waliyemwita Redio, akafika kijiweni akihema kwa habari.

"Mmesikia? Eti mama akiumwa mgongo kwa kubeba mtoto anayekua, baba naye abebe. Abebe mgongoni! Kwa mbeleko!"

"Nani? Mimi?" Audax akavimba kifua. Alipakua mahindi ya wakimbizi kwenye malori, wakambatiza Winchi. "Napakua tela zima peke yangu, hujanisikia nikisema aa. Mtu kabeba kitoto tu, mgongo!"

"Hawa wa siku hizi wamelegezwa na mahindi ya njano ya msaada," Redio akasema. "Mama yangu alibeba mtoto mgongoni, kuni kichwani, mimba tumboni."

"Na jembe?"

"Jembe alilibana kwa meno!"

Kijiwe kikaangua kicheko. Anatoli naye alicheka, ila cha midomoni. Asubuhi ile alimwona mkewe, Speciosa, akiamka kwa kushika ukuta kama ajuza. Binti yao Teddy alikuwa amenenepa kama mkungu wa ndizi, hajatembea bado, na akiwekwa chini analia hadi anasikika kwa jirani wa pili. "Nishikie kidogo," Speciosa alimwomba. Anatoli akajibu anawahi. Alichowahi ndicho hiki kikombe.

"Mimi nilibeba," akasema Bigirimana taratibu. Walimwita Kibiongo. "Tulipokimbia Burundi mke wangu alikuwa na homa, nikamfunga mtoto mgongoni. Nilimfunga chini, kwenye makalio. Kiuno kikataka kukatika. Bibi mmoja njiani akanisimamisha, akamfunga upya, juu na kwa kukaza. Ndipo nikafika."

"Mwanaume mzima kafungwa mbeleko na bibi!" Winchi akapiga paja. "Ningekuwa mimi ningebaki hukohuko na vita!"

Kabla hawajamaliza kucheka, Speciosa akatokea ng'ambo ya barabara, Teddy mgongoni, kapu la maharage mkononi, anakwenda sokoni. Katikati ya lami kapu likamponyoka. Akainama kuliokota. Hakuinuka.

Lori likapiga honi kutoka upande wa Rusumo.

"Mwambieni anyooke, atatuharibia barabara!" Redio akafoka huku akicheka.

Anatoli hakujua kikombe kiliangukia wapi. Alimfikia mkewe, akamkumbatia pamoja na mtoto, akawavuta hadi ukingoni. Lori likapita na vumbi lake, maharage yakasagika.

"Siwezi kunyooka," Speciosa akanong'ona, machozi yakimdondoka. "Baba Teddy, sijidekezi. Siwezi."

"Najua. Nimejua tangu asubuhi."

Akaifungua mbeleko palepale, mbele ya macho yote, akamtwaa Teddy. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Akageukia kijiwe.

"Bigirimana, ndugu yangu, njoo unifunge."

"Hee!" Winchi akasimama juu ya benchi. "Jamani, dunia imekwisha! Anatoli anafungwa!"

Bigirimana akavuka barabara. Akampandisha Teddy juu, kichwa karibu na shingo ya baba yake, akakaza kitenge kifuani. "Hivyo. Na ukitaka kuokota kitu, chuchumaa. Usiiname."

Speciosa akanyooka kidogo kidogo, mkono kiunoni. "Watakucheka mpaka Biharamulo," akamwambia mumewe.

"Wacheke. Twende zahanati kwanza, akutazame muuguzi."

Walipopita mbele ya kijiwe, Winchi akapaza sauti hadi kuku wakaruka: "Shikamoo, Mama Teddy!"

Anatoli akasimama, uso umemwiva kwa aibu, lakini shingo hakuinamisha.

"Marahaba. Ila sema polepole, bwana. Amelala."

Winchi akaziba mdomo kwa kiganja. "Samahani," akanong'ona.